Jinsi ya kujenga kifaru cha rimoti kwa LEGO Technic: anza na chesi, mnara utasubiri

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Kifaru changu kinakwenda mbele vizuri lakini hakikati kona." "Mnyororo unachomoka kila nikirudi nyuma." "Gia zinalia trrr-trrr halafu kinasimama." Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika yote mahali pamoja, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kujenga kitu chenye mota. Ukiwa mzazi unayejenga na mwanao, soma kwanza peke yako mpaka mwisho, kisha mkae pamoja.

Mfano wangu, wa vipande vya plastiki vya LEGO Technic vinavyoungwa kwa pini na ekseli, ni kifaru cha Kisovyeti cha jamii ya T-54 na T-55. Nina sababu tatu. Kwanza, kina magurudumu matano makubwa kila upande na mnyororo wake unalala juu ya magurudumu hayo hayo, kwa hiyo huhitaji vigurudumu vya juu vya kuubeba. Pili, spoketi yake (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) iko nyuma, palipo na nafasi ya mota. Tatu, wengi wetu tunakijua. Ndugu yake wa Kichina, Type 59, ndicho JWTZ ilichotumia katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mtoto akiuliza "hiki ni kifaru gani?" una jambo la kumsimulia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Umeme wa LEGO uko wa aina mbili, na plagi zake haziingiliani. Wa zamani unaitwa Power Functions: kasha la betri, kipokezi na rimoti inayotuma mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Haitengenezwi tena, ila mitumba yake ipo tele kwa wauzaji wa vipande mitandaoni. Mpya ni Powered Up, unaotumia Bluetooth, na kasha lake la Technic huendeshwa kwa programu ya simu. Kuna pia vifaa vya Kichina vinavyofuata plagi ya Power Functions vyenye rimoti ya redio. Mimi nimeandika kwa kufuata Power Functions kwa kuwa ndiyo rahisi kuielewa, lakini kazi ya gia na mnyororo ni ile ile kokote.

Kusanya hivi:

- Mota 2 za ukubwa wa L, kwa ajili ya mwendo.
- Kasha la betri la AA 6, kipokezi 1, na rimoti yenye vishikio viwili.
- Gia 2 za meno 12 na 2 za meno 20, zile zenye kingo zilizochongwa pande zote mbili ili ziweze kushikana kwa kona.
- Spoketi 2 kubwa za mnyororo mpana, na nyingine 2 za kuweka mbele.
- Viungo vya mnyororo mpana (idadi utaipata hatua ya 6, usinunue kwa kubahatisha).
- Rimu 10 za kipenyo cha milimita 43, bila tairi.
- Boriti za matundu 15, 11, 7 na 5, nyingi uwezavyo. Fremu za mstatili za 5 kwa 7 na 5 kwa 11.
- Ekseli za urefu mbalimbali, bushi (vipete vya kuzuia vitu visiteleze kwenye ekseli), nusu bushi, na pini nyeusi, zile zinazokaza.
- Rula, uzi wa kushonea, na kalamu.

Kuhusu vipande visivyo vya LEGO: boriti za bei nafuu zinafaa kabisa kwa mwili na mapambo. Kwenye gia na ekseli usibane matumizi. Ekseli laini inajisokota kama kamba ikibeba mzigo, na ikishajisokota hata kuichomoa ni shida.

Hatua ya 1: Pata vipimo

Matundu ya Technic yamepishana kwa milimita 8, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Hicho ndicho kipimo chetu, nitakiita "tundu".

Kifaru halisi kina upana wa karibu mita 3.3 na mwili wa karibu mita 6 bila mzinga. Sisi tutaanzia ndani: nafasi ya matundu 9 kwa ajili ya mota, ukuta wa tundu 1 kila upande, nafasi ya nusu tundu ili mnyororo usisugue ukuta, na mnyororo wenyewe matundu 5 kila upande. Jumla ni matundu 22, yaani sentimita 17.6. Urefu unaolingana na upana huo ni matundu 40 hivi, na kimo mpaka juu ya mnara kama 16. Rimu ya milimita 43 inaangukia karibu sawasawa na gurudumu halisi kwa kipimo hiki, na ndiyo iliyonifanya nichague ukubwa huu.

Chora mstatili huo kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili. Weka mota na kasha la betri juu ya mchoro, uvisogeze sogeze. Dakika hizi kumi zinakuepusha na kubomoa jioni nzima.

Hatua ya 2: Simamisha kuta mbili

Boriti ndefu kabisa ina matundu 15, kwa hiyo kila ukuta utakuwa wa boriti zilizoungwa. Panga safu mbili, moja juu ya nyingine, kwa namna fundi anavyopanga tofali: mshono wa safu ya juu usikutane na mshono wa safu ya chini. Zifunge kwa ndani kwa boriti fupi za wima, ukiacha wazi sehemu ya nyuma zitakapokaa mota.

Unganisha kuta kwa fremu za 5 kwa 11, moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Upana wa 11 ndio upana wa kuta zako ukipima kwa nje, kwa hiyo zinakaa bila kulazimishwa. Sasa shika ncha ya mbele kwa mkono mmoja na ya nyuma kwa mwingine, uisokote kama unakamua nguo. Ikipinda, ongeza boriti ya mshazari. Usiendelee mpaka iwe ngumu.

Hatua ya 3: Mota na gia

Hapa ndipo vifaru vingi vinapofia, nenda polepole.

Laza mota mbili ubavu kwa ubavu, vichwa vikitazama nyuma, ukiacha tundu 1 kati yao na tundu 1 kati ya kila mota na ukuta. Kila mota ifungwe kwa pini mbele na nyuma. Mota iliyoshikwa upande mmoja itajinyanyua ikipata mzigo. Kwenye kila mota ingiza ekseli fupi, uipitishe kwenye boriti ya kukingama, kisha uweke gia ya meno 12.

Ekseli ya spoketi inakatiza kwa nyuma. Inaanzia ndani kwenye boriti ya katikati, inapita gia ya meno 20, inatoboa ukuta, inatokea nje. Weka boriti mbili za katikati, moja ya ekseli ya kushoto na moja ya kulia, zisishirikiane tundu moja. Gia ya 20 ikae upande wa ukuta, ishikane na ile ya 12 kwa kona. Umbali wa kona hii kwa kawaida unaangukia kwenye nusu tundu, ndiyo kazi ya nusu bushi: sogeza gia ya meno 12 mpaka meno yaingiane bila kubanana.

Sasa sikiliza vizuri. Gia zikipewa mzigo hazitaki kuzunguka, zinataka kusukumana. Boriti iliyoshikwa kwa pini moja itasogea kwa upana wa unywele tu, na unywele huo unatosha meno kurukana. Huo ndio mlio wa trrr-trrr. Kwa hiyo ile boriti ya kukingama ya mota na zile boriti za katikati za spoketi lazima zifungwe zenyewe kwa zenyewe, ikiwezekana ndani ya fremu moja ya 5 kwa 7, siyo kila moja kuning'inia kwake. Kifaru changu cha kwanza kilikuwa kizuri sana juu, nimekipamba mpaka na taa, lakini kona hii nilikuwa nimeifunga kwa pini moja. Nilipokifungua baada ya siku mbili nilikuta unga mweupe mwembamba umetapakaa chini ya gia. Ulikuwa ni meno yenyewe, yamesagika.

Jaribio ni hili: shika spoketi kwa vidole, uizuie kabisa, kisha uwashe mota kwa sekunde moja tu. Mota ikinguruma na kukwama bila mlio wa gia kuruka, umefanya kazi. Gia zikiruka, ongeza ufungaji.

Kwa wanaopenda hesabu: mota ya L bila mzigo inazunguka karibu mara 390 kwa dakika. Kwa 12 kwa 20, spoketi inapata mizunguko kama 234, na nguvu inaongezeka kwa thuluthi mbili. Chesi ikija kuwa nzito kuliko ulivyotarajia, badilisha spoketi kubwa kwa ndogo. Kasi itapungua, nguvu ya kuvuta itapanda, na huna haja ya kugusa gia.

Hatua ya 4: Magurudumu

Matano kila upande, kila moja kwenye ekseli yake fupi. Kati ya la kwanza na la pili acha matundu 7, katikati hadi katikati; yaliyobaki yapishane kwa 6. Ule mwanya mkubwa baada ya gurudumu la kwanza ndiyo alama ya T-54 na T-55. Anayevijua vifaru ataitafuta kabla ya kutazama mnara.

Kila rimu izunguke kwa uhuru. Ipige kwa kidole: ikizunguka mara mbili tatu ndipo isimame, sawa. Ikisimama papo hapo, bushi imebanwa mno, ivute kidogo. Kumi zikiwa zimebanwa kidogo kidogo, jumla yake ni breki.

Kifaru halisi kina vyuma vya kujisokota vinavyobeba magurudumu kwenye mashimo. Kwa mara ya kwanza usijisumbue na hilo.

Hatua ya 5: Spoketi na gurudumu la mbele

Ekseli ya spoketi na ya gurudumu la mbele (ile spoketi ya mbele, siyo rimu ya kwanza) zikae juu kuliko ekseli za magurudumu kwa tundu 1 au 2. Spoketi isiguse ardhi. Ikigusa, kila jiwe linapiga moja kwa moja kwenye gia zako.

Gurudumu la mbele lifunge kwenye boriti fupi inayoweza kusogezwa mbele au nyuma kwa tundu moja. Hiyo ndiyo njia ya kukaza mnyororo baadaye.

Hatua ya 6: Mnyororo

Zungusha uzi njia yote utakayopita mnyororo, uukate, uupime kwa rula. Unganisha viungo 10, uvipime navyo. Gawanya, na utajua idadi. Ongeza vinne vya akiba kila upande.

Unapouvalisha, mnyororo usiwe kama uzi wa gitaa. Ubonyeze kwa kidole katikati, upande wa juu: ushuke kama milimita 5 hivi. Waendesha bodaboda wanalijua hili kwenye cheni zao. Ukikaza mno unakula betri na kupinda ekseli, ukilegeza mno unachomoka wakati wa kukata kona.

Kwenye sakafu ya vigae au saruji laini, plastiki tupu inateleza. Kuna vipachiko vya mpira vinavyoingia kwenye viungo. Weka kimoja kila baada ya viungo viwili au vitatu. Usivijaze vyote, kwa sababu kifaru hukata kona kwa kuburuza mnyororo, na mpira ukizidi unakataa kuburuzwa.

Hatua ya 7: Umeme

Kasha la betri liweke katikati kuelekea mbele, kwa kuwa mota zimeshalemeza nyuma. Hakikisha unaweza kubadili betri na kufikia swichi bila kubomoa kitu. Chomeka kipokezi kwenye kasha, mota moja kwenye tundu jekundu la kipokezi, nyingine kwenye la bluu. Chagua namba ile ile ya chaneli kwenye kipokezi na kwenye rimoti.

Kwa kuwa gia za pande mbili zimepangwa kinyume, kwa namna ya kioo, vishikio viwili vikisukumwa mbele kifaru kitajizungusha papo hapo. Usiogope wala usibomoe. Chini ya kila kishikio cha rimoti kuna kiswichi cha kugeuza mwelekeo, geuza kimoja.

Betri za kuchaji zinafaa. Kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo sita zinakupa 7.2 badala ya 9, na kifaru kitakwenda taratibu kidogo. Usichanganye mpya na za zamani.

Hatua ya 8: Tembeza chesi ikiwa uchi

Usiweke hata kipande kimoja cha mwili kabla ya hili. Funga mfuko wa plastiki wenye nusu kilo ya mchele juu ya chesi, badala ya uzito wa mwili utakaokuja. Kisha:

1. Nenda mbele mita tatu. Kikikengeuka upande mmoja, mnyororo wa upande ule umekaza zaidi, au rimu imebana.
2. Rudi nyuma mita tatu. Hapa ndipo mnyororo uliolegea unapochomoka.
3. Zungusha papo hapo mara tano kulia, mara tano kushoto, kwenye vigae.
4. Rudia namba 3 kwenye zulia au mkeka. Huu ndio mtihani mkubwa kuliko wote.
5. Pandisha kwenye ubao ulioegemezwa juu ya vitabu viwili vinene.

Kikifaulu yote matano mara tatu mfululizo, fungua chini uangalie gia. Hakuna unga? Endelea.

Hatua ya 9: Mwili

Mwili uwe mwepesi na uvuliwe kwa mkupuo mmoja. Pini nne zinatosha kuushika. Bamba la mbele la T-55 limelala kwa mshazari mkali, mbavu zimesimama wima, na juu ya minyororo kuna mabawa marefu bapa ya kukinga matope. Acha angalau tundu 1 kati ya mnyororo na bawa, maana mnyororo hurukaruka.

Kipokezi kina kuba jeusi kwa juu. Kuba hilo lazima lione rimoti. Mimi huliweka nyuma ya mnara, likichungulia kati ya masanduku ya vifaa, na halionekani mpaka uambiwe.

Hatua ya 10: Mnara

Mnara wa kwanza uzungushe kwa mkono, kwa kutumia kizungusho kikubwa cha Technic. Jifunze kwanza umbo lake, lile la bakuli lililofunikwa, kwa kutumia vipande vya mviringo na vya mshazari. Mnara wa kifaru halisi una mzinga mrefu wenye tundu la kipenyo cha milimita 100. Kwenye mfano wako mzinga utapita pua ya mwili kwa karibu sentimita 15. Uujenge kwa ekseli ndefu ndani na vipande vya bomba nje. Ukiujenga kwa tofali za mviringo peke yake utainama.

Ukitaka uzunguke kwa mota, utahitaji kipokezi cha pili kwenye chaneli nyingine, kwa kuwa kile cha kwanza kimeshajaa. Tumia mota ya M na gia ya skrubu inayosukuma gia ya meno 24. Kila mzunguko wa skrubu unasogeza jino moja tu, kwa hiyo mnara unakwenda taratibu kama wa kweli, na kwenye mteremko hauwezi kujizungusha wenyewe.

Mambo yakikataa

*Hakikati kona kwenye zulia.* Punguza vipachiko vya mpira kwanza. Kisha pima urefu wa mnyororo unaogusa ardhi, uugawanye kwa umbali wa kati ya minyororo miwili, katikati hadi katikati. Jibu likizidi 1.8 umejenga kirefu mno, na mota ya aina yoyote itateseka. Kwa vipimo vya mwongozo huu unapata karibu 1.5.

*Kinasimama ghafla, halafu baada ya muda kinaamka.* Mota imekwama na ulinzi wa umeme umekata. Zima, subiri dakika mbili, tafuta kilichokwama: mara nyingi ni uzi au nywele zilizojizungusha kwenye ekseli ya spoketi. Kuendelea kulazimisha kishikio ndiko kunakoua mota.

*Ndani ya nyumba kizuri, nje hakisikii.* Ni jua. Rimoti ya mwanga haishindani na jua la saa saba mchana. Cheza kivulini au jioni, au tumia vifaa vya redio au Bluetooth.

*Mnyororo unachomoka upande wa ndani tu.* Spoketi na gurudumu la mbele haziko kwenye mstari mmoja. Weka rula pembeni ya zote mbili. Utaona nusu bushi ilipokosekana.

*Upande mmoja una kasi kuliko mwingine, na gia ziko sawa.* Badilishana plagi za mota kwenye kipokezi. Ubovu ukihamia upande wa pili, tatizo ni kipokezi. Ukibaki pale pale, tatizo ni mota au ekseli ya upande huo.

*Spoketi inateleza kwenye ekseli.* Chomoa ekseli uitazame kwa urefu, ukifumba jicho moja. Mistari yake minne ikiwa imejipinda hata kidogo, itupe, weka mpya, na urudi hatua ya 3 kuangalia nini kimeilazimisha.

Ukimaliza kucheza, toa betri zote sita. Betri iliyovuja ndani ya kasha inaacha ukoko mweupe kwenye vyuma vya kugusia. Ukiukuta, tumia pamba yenye siki kidogo, paka, futa, kausha kabisa kabla ya kurudisha betri.